MJADALA: Je, kusoma riwaya za kijasusi na za mapenzi ni kukimbia uhalisia?

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu enzi za Azimio la Arusha wapo wahakiki wanaozisema vibaya riwaya pendwa, yaani hizi za kijasusi na za mapenzi: eti zinamtorosha msomaji kutoka kwenye shida zake, akifunga kitabu anakuta kodi ya nyumba bado anadaiwa. Mimi sikubaliani nao.

Chukueni Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, 1974. Jasusi Willy Gamba anasaka nyaraka za wapigania uhuru zilizoibwa. Ni njozi hizo? Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Na Kusadikika ya Shaaban Robert, 1951, je? Nchi nzima iko angani! Lakini humo Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, na utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa nje, wakarudi na mashauri mema, wakaishia kifungoni. Mwandishi mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Angeitaja Tanganyika waziwazi, nani angemchapishia?

Karibuni.

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Kusadikika si riwaya pendwa, watu wameisoma kwa ajili ya mtihani. Halafu kosa la Gamba si kuishi kwenye njozi. Kosa lake ni kumaliza kila kitu peke yake: ngumi, bastola, warembo, kazi kwisha. Wewe msomaji umebaki kupiga makofi. Linganisha na Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971. Hakuna shujaa wa kuja kukuokoa mle.

Mchangiaji wa 2: Nyie wasomi mna raha. Mtu kasimama dukani kutwa, kagombania daladala, kafika nyumbani saa tatu usiku, akisoma kurasa zake kumi za mapenzi kamkosea nani? Kesho yake dukani si anakwenda? Anayekimbia uhalisia ni yule anayeweka ada ya mtoto kwenye mkeka wa kubeti.

Mleta mada: Hilo la mkeka naliunga mkono kabisa, ingawa wenyewe watasema wanatafuta mtaji.

Mchangiaji wa 1, hoja ya shujaa wa peke yake ina uzito, ila usimbebeshe Gamba pekee. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, naye alikuwa hivyohivyo, na hatuuiti utenzi wake fasihi ya kutoroka japo humo mtu anatoroka kwelikweli. Mama yake alimfichia tupa ndani ya mkate wa wishwa, watu wakapiga ngoma ya gungu nje ya gereza, na kelele za ngoma zikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Wale wachezaji ungewakuta ungesema wamesahau shida zao.

Kwa hiyo nakurudishia swali: kama kipimo chako ni msomaji kuachiwa kazi ya kufanya, Rosa Mistika inamwachia kazi gani zaidi ya kulia?

Mchangiaji wa 1: Inamwachia binti yake wa kumlea, mkuu. Zakaria, baba yake Rosa, alishindwa.