Jamii haina habari na Injili: tuendelee kusema, au tunyamaze tuishi tu?

Mtoa mada

Wapendwa, naomba tulijadili hili bila kurushiana aya kama mawe.

Naishi kati ya watu wema ambao hawana ugomvi na Ukristo, wala hamu nao. Hawatukani, hawabishi. Ukiwaalika kanisani wanasema asante, halafu wanaulizia watoto hawajambo. Ningepata hata mtu wa kunipinga ningeshukuru, maana anayebisha angalau amesikia. Kikundi chetu cha maombi kimegawanyika. Wapo wanaotaka mikutano ya hadhara na vipaza sauti, na wapo wanaosema tuache maneno, maisha yetu yahubiri.

Mimi niko upande wa kusema, ingawa vipaza sauti sivitaki. Hii "maisha yangu yanahubiri", nikijichunguza mwenyewe, mara nyingi ni uoga uliovishwa joho. Jirani akiniona mpole atasema nimelelewa vizuri. Kristo atamjulia wapi? Ezekieli aliagizwa aseme, wasikie wasisikie.

Na tusitishwe na hesabu. Chukueni wamisionari wa zamani: William Carey alifika India mwaka 1793, akambatiza Mhindu wa kwanza, Krishna Pal, Desemba 1800. Robert Morrison aliingia China 1807, ubatizo wa kwanza ukaja 1814. Adoniram Judson alimsubiri mwongofu wake wa kwanza Burma (Myanmar ya leo) tangu 1813 hadi 1819. Miaka sita, saba, kwa mtu mmoja! Wangejipima kwa mahudhurio wangepanda meli wakarudi kwao.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, umechagua mifano ya waliovuna. Ni rahisi kusifu subira ya mkulima wakati ghala lake limeshajaa. Tupe asiyevuna.

Nakusaidia: Charles de Foucauld, padri Mfaransa. Alihamia Tamanrasset, jangwani Sahara, mwaka 1905, akakaa na Watuareg, watu wa jangwa hilo, akajifunza lugha yao mpaka akaiandikia kamusi. Mikutano hakuitisha. Aliuawa tarehe 1 Desemba 1916, na hakuacha kusanyiko lolote la waongofu nyuma yake. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Huyo naye alikuwa mwoga mwenye joho?

Halafu soma 1 Petro 3:1. Wake wenye waume wasiolitii neno wanaambiwa wawavute kwa mwenendo, pasipo neno. Mtume mwenyewe alijua kuna nyumba ambazo maneno yameshazidi.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimelelewa kanisani, siku hizi siamini. Nawasoma natabasamu, maana mnatujadili kama shamba: nani apande, nani avune, lini mvua.

Nilikuwa na rafiki mlokole aliyekuja kwangu kila wiki. Tulicheka, tulikula pamoja. Siku niliyomwambia wazi kwamba sitarudi kanisani, ziara zikakoma. Hakugombana nami, aliacha tu kuja. Katika mahubiri yote niliyowahi kusikia, hilo ndilo ninalolikumbuka.

Sisemi mnyamaze. Ibara ya 18 ya Tamko la Haki za Binadamu la 1948 inakupa haki ya kudhihirisha imani yako, na inanipa mimi haki ya kubadili yangu. Ila kukosa hamu si ugonjwa nilioambukizwa. Nimefika hapa kwa kufikiri, na katika miaka yote hiyo hakuna Mkristo hata mmoja aliyeniuliza naamini nini sasa.

Mchangiaji wa tatu

Mnazunguka sana. Mathayo 10:14: wasipowapokea, kung'uteni mavumbi. Wenye kiu wapo kwingine, muda ni mchache.

Mtoa mada

Nianze na mavumbi, maana ni jepesi. Agizo lile walipewa wajumbe waliokuwa safarini, mji hadi mji. Mimi sipiti, naishi hapa. Paulo naye, Korintho, aliambiwa asiogope wala asinyamaze, akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Na mmisionari Johannes Rebmann alifika Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, akaondoka 1875 akiwa haoni, waongofu wake wachache mno. Angekung'uta mavumbi kila alipopuuzwa asingebakiwa na kiatu.

Mchangiaji wa kwanza, nimekubali kuhusu Foucauld, joho nalivua. Lakini tazama: alivaa msalaba kifuani, kila mtu alijua ni wa nani. Kutohubiri ni jambo moja, kujificha ni jingine. Fransisko wa Asizi, katika kanuni ya watawa wake ya mwaka 1221, aliwapa ndugu waliokwenda kwa Waislamu njia mbili. Ya kwanza, waishi bila mabishano, wawe chini ya watu wote, na wakiri kwamba ni Wakristo. Ya pili, walitangaze neno watakapoona inampendeza Mungu. Mimi nilianzia ya pili, nikamlaumu jirani.

Sasa wewe uliyeacha kuamini. Umenichoma, kwa sababu jirani mmoja aliwahi kuniambia, "Kila ukija najua kuna kitu unataka." Nilinuna wiki mbili. Leo naona alinisoma vizuri kuliko nilivyojisoma. Nilikuwa na orodha ya majina ya kuombea, na yeye alikuwa kwenye orodha kabla hajawa rafiki.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba nimeacha kutamani uamini. Nikiamini ninachoamini halafu nikuonee haya miaka yote, huo nao ungekuwa urafiki wa ajabu. Katika Marko 10, yule tajiri anaondoka kwa huzuni. Yesu amempenda, amemwambia neno gumu, na hamkimbilii. Wala hapunguzi sharti ili abaki. Hapo kwenye kutomkimbilia ndipo nimekuwa nikishindwa. Na rafiki yako alishindwa pengine palepale: alikimbiza alipokuwa na tumaini, alipolikosa akaondoka yeye.

Basi nakuuliza, umechelewa kuulizwa: unaamini nini sasa? Sitajibu hadi umalize.

Mchangiaji wa pili

Ni ndefu. Nitaandika usiku.