Tupeane uzoefu: nani hapa alipasuliwa kwa kamera?

Mama Furaha, Nguba: Jambo wote. Yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, amepewa siku ya kutolewa mfuko wa nyongo. Wanasema wataingia kwa matundu, si kisu kirefu. Anauza ndizi Kadutu, hapa Bukavu, anauliza atarudi sokoni lini. Waliopitia, semeni.

BintiWaEssence: Umenikumbusha usiku ule! Mimi pia mawe ya nyongo. Nikigusa tu sombe, majani ya muhogo, yenye mawese, chini ya mbavu za kuume panakaza mpaka mgongoni. Siku ya operesheni nimezinduka, napapasa tumbo natafuta jeraha, nakuta viplasta vinne, kimoja kwenye kitovu. Nikacheka. Kazi ilianza usiku: bega! Nikamwita muuguzi, mmenipasua tumbo, bega mmelifanya nini? Akasema ni gesi. Wanalijaza tumbo ili kamera ipate nafasi ya kuona, na inayobaki inachokoza kiwambo cha chini ya mapafu. Neva yake inatoka shingoni, basi bega ndilo linalolia. Akanitembeza koridoni polepole, nimekumbatia mto tumboni. Kulipokucha nikaoga mwenyewe. Mama mdogo, yeye alifunguliwa tumbo lote, hata kukohoa ilikuwa kilio.

Papa Kasongo, Lubumbashi: Bega! Kabisa.

Chukudu_Birere: Munganga anapasua bila kuingiza mkono? Mimi nataka aone kwa macho yake.

MuuguziKatuba: Kaka, kamera inamkuzia picha. Na kwa kuwa nyama za tumbo hazikukatwa kwa urefu, maumivu yanapungua, kidonda hakioziozi ovyo, na henia, utumbo kujitokeza kwenye kovu, ni nadra zaidi. Daktari Mühe alitoa mfuko wa nyongo hivyo Ujerumani mwaka 1985, mwenzake Mouret akafuata Lyon, Ufaransa, 1987. Hapo kwenu Kivu, hospitali ya Panzi, Dokta Mukwege amefanya upasuaji wa kamera pamoja na Dokta Cadière wa Brussels.

Chukudu_Birere: Unaniletea historia. Damu ikikataa kukatika?

MuuguziKatuba: Wanafungua kama zamani. Ndiyo maana unaelezwa mapema na kutia sahihi.

Nimechoka_Bukavu: Mnasifu matundu. Mimi tumbo lilipona upesi, faktiri, hesabu ya malipo, ikakataa kupona. Daktari kanipa ruhusa, watu wa malipo wakanizuia. Nimekuwa mzima, nafulia wagonjwa wengine, nikienda kuchota maji mlinzi ananifuata mpaka robine. Mume anazunguka kwa ndugu kutafuta dola, na kila usiku kitanda kinaongezwa kwenye deni.

Papa Kasongo: Hospitali gani? Itaje!

Nimechoka_Bukavu: Sitaji. Wanaofanya hivyo ni wengi.

BintiWaEssence: Pole sana mama. Ulitokaje?

Nimechoka_Bukavu: Kanisa lilichanga.

Chukudu_Birere: Afadhali kisu.

MuuguziKatuba: Kisu nacho kina faktiri! Tena unalala siku nyingi zaidi.

Mama Furaha: Jamani, mimi niliuliza ndizi.

BintiWaEssence: Aulize bei yote kabla ya kuingia: usingizi, dawa, kitanda. Aandikiwe.

Papa Kasongo: Kukaa sokoni anaweza mapema. Kubeba beseni, asubiri mwezi mzima.

Mama Zawadi: Mimi nilibeba kabla ya hapo, na niko hai.

MuuguziKatuba: Mama, usimfundishe hivyo. Amsikilize aliyempasua. Na homa au macho ya njano, arudi siku hiyohiyo.

Mama Furaha: Sasa ndizi atabebewa na nani?

Chukudu_Birere: Chukudu ninayo, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, lakini iko Goma. Na ile milima ya Kadutu, mama, siiwezi.