Walimu wa hisabati, tupeane uzoefu: sehemu na uwiano mnawafundishaje watoto?

Ndugu walimu, naomba tupeane uzoefu kuhusu ufundishaji wa sehemu na uwiano katika madarasa ya msingi, nami naanza na la kwangu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nikiandika ubaoni 1/2 + 1/3, wanafunzi wengi wanajibu 2/5, natia mkasi, kisha narudia kanuni ya kutafuta asili ya pamoja, yaani namba ya chini iliyo moja kwa sehemu zote mbili. Siku moja msichana mmoja akasimama: "Mwalimu, juzi nilirusha mpira mara mbili ukaingia mara moja, jana nikarusha mara tatu ukaingia mara moja. Si umeingia mara mbili kati ya tano?" Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa alilosema lilikuwa kweli tupu. Usiku ndipo nilipong'amua kwamba kila mara alikuwa na kizima kingine, kwanza mirusho miwili, halafu mitatu, na mwisho mitano, ilhali mimi nilikuwa nikijumlisha nusu na theluthi ya kitu kimoja. Kesho yake tuligawa ukanda mmoja wa karatasi katika vipande sita vilivyo sawa, tukapaka rangi vitatu, kisha viwili vingine, na 5/6 ikaonekana pasipo kanuni yoyote. Msichana yuleyule ndiye aliyewaambia wenzake kwamba 2/5 ni pungufu ya nusu, kwa hiyo jibu lile lingemaanisha tumejumlisha tukapunguza!

— Mimi nilisumbuliwa na wanaosema 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu nane inaizidi nne. Kukunja karatasi kunatosha, ila karatasi ziwe za ukubwa mmoja. Mimi sikuliangalia hilo, robo ya mmoja ikaizidi nusu ya jirani yake, na kipindi kizima kikaishia kwenye ubishi.

— Mwalimu uliyefungua mada, hilo la kizima linarudi tena kwenye uwiano. Niliweka mezani vizibo 2 vya buluu na 3 vyekundu, nikauliza vya buluu ni sehemu gani ya vyote, na karibu darasa lote likaandika 2/3. Sikuwaambia wamekosea, niliwauliza tu: "Theluthi mbili ya nini?" Walihesabu upya, wakakubaliana kuwa vya buluu ni 2/5 ya vizibo vyote na ni 2/3 ya vile vyekundu. Tangu hapo sikubali sehemu yoyote itajwe darasani kwangu bila kuambiwa ni ya nini, hata kama wananiona msumbufu.

— Kwangu mimi kikwazo ni watoto kujumlisha mahali pa kuzidisha. Nilichanganya vijiko 2 vya rangi ya njano na 3 vya buluu, nikawaagiza watengeneze kijani kilekile kwa kutumia vijiko 4 vya njano. Kundi moja lilitia vijiko 5 vya buluu, likieleza kwamba limeongeza viwili kila upande, na jingine likatia 6. Tulipopaka rangi zote tatu kwenye karatasi moja, ile ya 4 kwa 5 ilielekea unjano, na kundi lake likaomba kijiko kimoja zaidi cha buluu kabla sijafungua kinywa.