Mrejesho: muziki wa filamu fupi umekamilika, ila bajaji imebaki ndani

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza hapa: nina filamu ya dakika 18 ya mvuvi, natunga muziki wake mwenyewe, na kila nikiuweka kwenye picha unachelewa. Ahsanteni sana kwa majibu.

Aliyesema nisitunge noti hata moja kabla mhariri hajafunga picha (yaani hajamaliza kukata kabisa), Mungu akubariki. Nilisubiri, na kweli walikata sekunde 12 kwenye tukio la dau. Ule mlio wa "pii" unaowekwa kwenye kila faili sekunde mbili kabla ya picha ya kwanza nao umemaliza ugomvi wa kuchelewa: mhariri alipanga mafaili yote kwa dakika tano. Kurekodi kwa 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, kiwango cha filamu) pia nimefuata.

Kilichogoma ni mdundo wa kuhesabia kwenye hedifoni. Mzee wetu anayepiga kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab) alizivua, akasema, "Mwanangu, hii saa ya ukutani inanipigia kelele." Basi nikamwekea tukio kwenye laptop, akapiga huku akimtazama mvuvi anakunja nyavu. Mara ya tatu tulinyamaza wote.

Kinanda nimekitoa. Kanuni ina sauti zilizo katikati ya noti mbili, kinanda kikiingia zinagombana. Nimebakiza ala ya udi.

Magodoro tuliyoweka ukutani wakati wa kurekodi yameua mwangwi, ila mlio wa bajaji za nje hayakuuweza. Ipo moja kwenye kipande cha mwisho, tumeifukia chini ya sauti ya mawimbi. Mkiisikia, nyamazeni tu.