Mrejesho: yule punda wa ami mwenye kidonda, Lamu

Asalaam aleikum jamani. Mwezi juzi niliwauliza nifanyeje na punda wa ami, aliyechunika mgongo kwa kubebeshwa mchanga na simiti, naye ami anampaka oili chafu ya injini. Wengi mlisema nimpeleke kliniki ya punda hapa mjini, ile iliyoanza 1987. Nikampeleka.

Daktari alinyoa manyoya kuzunguka kidonda, akakiosha kwa maji ya chumvi, polepole, mpaka nyama nyekundu ikaonekana. Oili akaipiga marufuku. Kisha sindano ya pepopunda (jina lenyewe limebeba punda, na sikuwahi kujiuliza kwa nini!). Hatukulipa hata senti.

Kazi ilikuwa kwa ami. Kuambiwa asimtie mzigo mpaka kidonda kifunge, akaniuliza, "Na mimi nile nini, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Mwishowe tukaazima punda wa jirani kwa zamu, na tukashona matandiko mapya: magunia laini pande mbili, katikati wazi, uti wa mgongo usiguswe.

Aliyenishauri nimuuze kwa wanunuzi wa ngozi: hapana. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi, na hata bila hilo, ami kwa ukali wake wote alikataa katakata.

Jana punda kajigaragaza mchangani miguu juu, mara ya kwanza tangu aumie.