Tupeane uzoefu: mchirizi wa maji unaweza kushusha umeme hadi ardhini?

Fundi Waya: Wakuu, ubishi huu haufi. Maji yanamwagika kwenye waya wenye umeme, yanachirizika hadi chini. Umeme unateremka nayo au hauteremki? Mmoja anaapa utakufa, mwingine anasema maji safi hayapitishi. Anayejua aje na hesabu.

Mwalimu wa Vipimo: Unateremka. Cha kuuliza ni kiasi gani. Ukinzani wa mchirizi unapanda kadiri unavyokuwa mrefu, unashuka kadiri unavyokuwa mnene au maji yanavyokuwa na chumvi.

Chukua maji ya bomba yenye upitishaji wa µS/cm 500 (maikrosimensi kwa sentimita; namba ikipanda, maji yanapitisha umeme zaidi), kiwango cha kawaida tu. Ukinzani wake mahususi, yaani wa maji yenyewe bila kujali umbo la mchirizi, ni Ω·m 20. Mchirizi wenye kipenyo cha sm 1 na urefu wa mita 1, usiokatika popote, unatoa Ω 255,000 hivi. Kwa V 240 unapita mkondo wa mA (miliampia) 0.94, na binadamu huanza kuhisi umeme kwenye mA 0.5 hadi 1. Kwa hiyo utasisimka kidogo, basi.

Sasa fupisha mchirizi huohuo uwe sm 10: inakuwa mA 9 na ushee, jirani kabisa na mA 10 ambapo misuli hukaza na mkono ukashindwa kuachia. Ongeza kipenyo mara mbili, mkondo unaongezeka mara nne. Weka maji ya bahari (Ω·m 0.2) kwenye ule mchirizi wa mita 1: ukinzani unaporomoka hadi Ω 2,500. Hata ukijumlisha Ω 1,000 za mwili, inapita karibu mA 70, na huo unatosha kuvuruga mapigo ya moyo.

Hayo "maji safi hayapitishi" ni ya maabara. Maji yaliyoondolewa ayoni zote hufika MΩ·cm 18, lakini yakikaa wazi yanafyonza kaboni dayoksaidi ya hewani na upitishaji unapanda wenyewe. Kwenye ndoo yako hayapo.

Mkuu wa Hozi: Hesabu ya mwalimu ni sahihi, ila imeshikilia neno "usiokatika". Mchirizi unaoanguka haukai hivyo. Hapo juu unaonekana kama fimbo ya kioo, chini kidogo unaanza kuwa na vinundu, kisha unakatika kuwa matone. Jicho linaona uzi mmoja kwa sababu matone yanakwenda kasi. Kati ya tone na tone kuna hewa, na kwa volti za nyumbani hewa hiyo inatosha kukata njia.

Ndiyo maana kwenye kuzima moto tunatenganisha manyunyu na mkondo mnene wa maji. Kanuni ya Ujerumani, DIN VDE 0132, inataka hadi V 1,000 usimame angalau mita 1 ukitumia manyunyu na mita 5 ukitumia mkondo mnene. Zaidi ya V 1,000 ni mita 5 na mita 10. Umbali huo ni wa maji matupu. Povu halina ruhusa hiyo, kwa sababu dawa yake inapitisha umeme na linaganda kwenye vifaa likiwa limeungana. Tena umbali hauna maana kama umesimama kwenye dimbwi lililogusa waya ulioanguka.

Fundi Waya: Na zile shawa za umeme zenye koili wazi ndani ya maji?

Bomba na Koili: Hizo zinaishi kwa hesabu hiyohiyo. Koili inagusa maji moja kwa moja, na kinachokukinga ni urefu wa njia ya maji pamoja na waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) ulioingizwa ndani ya chemba. Waya ule unaukamata umeme kabla haujafika kichwani pako. Anayeukata kwa sababu "shawa inafanya kazi bila huo" ameondoa kinga yenyewe.

Soma pia karatasi ya maelekezo. Nyingi zinakataza maji yenye ukinzani chini ya Ω·cm 1,300, yaani zaidi ya µS/cm 770 hivi. Maji ya kisima chenye chumvi huvuka hapo bila jasho. Usisahau joto: upitishaji unapanda karibu asilimia 2 kwa kila nyuzi 1.

Kupima, tumia kipima chumvi cha mkononi. Kikisoma kwa ppm (sehemu kwa milioni), mara nyingi zidisha kwa 2 upate µS/cm. Multimita kwenye Ω itakudanganya: inatoa mkondo wa moja kwa moja, ncha zinafunikwa na vipovu, namba inapanda ukiitazama. Na msijaribu kwa V 240, tafadhali.

Mgeni Jukwaani: Samahani wakubwa. Kama maji ni mabovu hivyo kupitisha, mbona shimo la ethi, pale fimbo ya ethi inapozikwa, linamwagiwa maji?

Mwalimu wa Vipimo: Swali zuri, mdogo wangu. Tofauti ni eneo. Kwenye mchirizi umeme una kijia cha sm 1 tu. Kwenye fimbo ya ethi unatoka pande zote na kusambaa kwenye udongo mzima. Udongo wa Ω·m 100 ni mbovu mara tano kuliko yale maji ya bomba, lakini fimbo ya mita 1.5 yenye kipenyo cha mm 16 ndani yake inatoa Ω 60 tu. Maji yanalainisha udongo kuzunguka fimbo, ukikauka namba inarudi juu.

Fundi Waya: Na Ω 60 msizifurahie bado. Waya wenye umeme ukigusa kasha la mashine, V 240 gawa kwa 60 ni A 4. Breka ya A 20 haitakatika, na kasha la chuma la mashine litabaki na umeme. Hapo kinachokata ni RCD (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) ya mA 30. Bonyeza kile kitufe chake cha majaribio. Kisipokata, ibadilishe.