Kofia ya kiua iwekewe bei ya chini? Mimi nasema iwekwe

Mwenye mada, Unguja

Assalaam aleikum.

Ijumaa iliyopita, nje ya msikiti, nilimsifia jamaa kofia yake. Kofia ya kiua, kazi ya mkono, nyeupe juu ya nyeupe, vitobo vimejipanga utadhani vimepigwa rula. Akanambia kwa fahari: "Laki na ishirini, Darajani, tena nimemkaba." Tukacheka. Nilipofika nyumbani kicheko kikaniisha, maana kofia sampuli ileile mama yangu, Pemba, alimpa mchuuzi mwezi wa Shaaban kwa 35,000.

Aliishona siku 43. Mdogo wangu wa kike alikuwa akiziandika nyuma ya daftari la skuli. Mama huchora ua kwa penseli juu ya kitambaa, hutoboa, halafu hulizungushia tundu uzi mpaka mdomo wake ukawa mgumu. Tundu moja, na jengine, na jengine. Hukaa nayo akirudi kondeni, huirudia vyombo vikishaoshwa, na usiku baada ya Isha huisogeza karibu na taa. Subana haitaki, anasema haisikii sindano, na ncha ya kidole chake imekuwa ngumu kama gamba. Kofia ikishakwisha hufuliwa, hutiwa wanga, ikavalishwa sufuria iliyopinduliwa ikauke na umbo lake.

Gawa 35,000 kwa siku 43. Ni shilingi 814 kwa siku, na hapo sijatoa nyuzi. Bakuli moja la urojo Forodhani hulipati kwa pesa hizo.

Kila Aprili watu hukumbushana Rana Plaza, lile jengo la viwanda vya nguo, la ghorofa nane, la Savar, nje ya Dhaka, Bangladesh. Nyufa zilionekana siku moja kabla. Benki na maduka ya chini yakafungwa, washoni wakaamrishwa warudi mashineni, na tarehe 24 Aprili 2013 likawaangukia. Walikufa zaidi ya watu 1,100. Tunayalaani makampuni ya Ulaya na Marekani, na yanastahili. Lakini wale walionusurika angalau waliachiwa kitu cha kudai. Makampuni yalitia saini mkataba wa usalama wa majengo mwezi uliofuata, na kima cha chini cha mshoni wa kiwandani, kilichokuwa 3,000 kwa mwezi kwa fedha yao ya taka, kikawa 5,300 mwisho wa mwaka uleule, 8,000 mwaka 2018 na 12,500 mwisho wa 2023. Hazitoshi, na walioingia barabarani 2023 kutaka zaidi walipata kipigo. Ila ipo tarakimu ya kugombania. Mama yangu hana hata hiyo.

Karafuu ina bei inayotangazwa na Serikali. Kofia nayo iwe na bei, kwa daraja la kazi, na chini ya hapo mchuuzi asinunue. Mwenye kupinga apinge.

Muuza kofia, Darajani

Yakhe, hesabu unaijua, biashara huijui. Hiyo laki na ishirini ni siku kofia ilipouzwa. Siku niliyoichukua ilikuwa na nauli ya boti, kodi ya mlango na posho ya kijana wa dukani. Ninazo kofia za Pemba kabatini tangu Maulidi ya mwaka juzi, zimeanza kupiga manjano, na mwenzangu wa mlango wa pili amepanga za mashine kutoka China, 8,000, 10,000, na mteja haoni tofauti mpaka umgeuzie upande wa ndani.

Nikatazwe kununua chini ya, tuseme, 80,000, basi kwa mwaka nitachukua kofia kumi badala ya arubaini. Hao wenye thalathini zilizobaki utawajibu wewe?

Na karafuu usinitajie, mimi mtu wa Pemba. Bei ya Serikali ilipokuwa ndogo zilikuwa zikivuka usiku kwa mashua hadi Mombasa. Gunia la karafuu lilivuka, itakuwa kofia inayoingia mfukoni?

Kijana wa Mwembeladu

Mnazunguka tu. Jengeni kiwanda, watu wapate zamu, mshahara na kadi ya ZSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Huyu mama wa mwenye mada macho yakimwisha nani atamlipa?

Muuza kofia, Darajani

Kiwanda cha kofia ya mkono! Hicho si ndicho kilichoko China?

Msomi wa sheria, Tunguu

La macho ni la maana, msilipitie mbio. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Nambari 11 ya 2005, inazungumza na mwajiri na mwajiriwa. Huyu mama kwa macho ya sheria ni muuza bidhaa, kama muuza ndizi. Ndiyo maana kima cha chini hakimgusi. Shirika la Kazi Duniani lina Mkataba Nambari 177 wa 1996 unaowahusu wafanyao kazi majumbani, ambao unataka watendewe sawa na wenzao wa mshahara, lakini nchi zilizouridhia ni chache mno. Na huo nao unamtazama anayeshona kwa kazi aliyopewa na mtu. Anayejishonea akauza kwa amtakaye hayumo.

Kwa hiyo nina suali moja kwa mwenye mada: kitambaa hutoa nani?

Mama wa wawili, Wete

Nawasoma sindano iko mkononi. Suali la huyo mwanasheria ndilo, mengine porojo.

Kitambaa hutoa mchuuzi, na nyuzi hutoa yeye. Kofia ikifika nusu huniletea 10,000 "ya kushikia". Zilizobaki "ikishauzwa". Nimewahi kushona kofia ya Idi nikamaliziwa pesa zangu baada ya miezi saba. Na siwezi kumuuzia mwengine, kitambaa chake. Wanaolima mwani wataniunga mkono. Kamba za tajiri, taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, za tajiri, na ukishauvuna humuuzii mwengine, bei ataitaja yeye.

Sasa nyinyi mnanitungia bei. Hiyo bei nitaidai wapi, dukani kwa nani? Mtoto akirudishwa skuli kwa mchango mimi hiyo kofia namkabidhi kwa chochote alichokuja nacho. Nipeni nusu ya pesa siku ya kupokea kitambaa na nusu ya pili siku ya kutoa kofia, mkononi, tutagombania bei baadaye na mimi mwenyewe naijua kuigombania.

Na wewe mwanangu mwenye mada, Mungu akuweke. Mama yako umemuuliza au unamsemea?

Mwenye mada, Unguja

Bi mkubwa, nimempigia simu jana usiku.

Kitambaa kilikuwa cha mchuuzi. 35,000 ni maneno, alichokwishapata ni 15,000. Kwa hiyo ile 814 yangu ilikuwa ndoto, mpaka leo ni shilingi 349 kwa siku. Nilipomuuliza kwa nini hakunambia, akasema "ungeniletea maneno na mtu wa watu."

Bei ya chini sijaiacha, ila naona niliikamata mkiani. Kwanza kofia ilipwe siku inapotoka mkononi mwa aliyeishona. Ndugu wa Darajani, hili nalo unalipinga?

Muuza kofia, Darajani

Mimi hununua taslimu. Si zote. Kuna nne nilizichukua mali kauli, kwa ahadi ya kulipa zikishauzwa, kwa mama mmoja Micheweni na sijammaliza, nakiri mbele yenu. Kila nikitaka kutuma nasema ngoja iuzwe moja. Jumamosi anakwenda mtu, nitampa. Lakini nusu kabla kwa kila mtu siiwezi, wapo wanaochukua kitambaa wakakaa nacho mwaka, na mwisho kikashonwa foronya.

Na wewe mwenye mada, kofia uliyovaa Ijumaa hiyo ulinunua wapi?

Mwenye mada, Unguja

Mlango wa pili kutoka kwako. 8,000.